Risala ya Wanakikundi wa Kuweka na Kukopa, Wanafunzi wa Mwaka wa Tatu, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Uongozi wa Chuo,
Wahadhiri, walezi wetu na wanafunzi wenzetu,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama. Nawe tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu licha ya majukumu yako mengi. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kikundi chetu kilianzia chumbani hosteli, watu saba na kaunta buku moja. Mwenzetu alikuwa amekopa Sh. 50,000 kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wenye riba kali, akaacha kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Riba ilikuwa Sh. 15,000 kila wiki mbili. Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, likachelewa, akawa anapeleka riba tu. Jioni ile alitandika kitandani vikaratasi vinne vya malipo ya riba, tukajumlisha: ameshatoa Sh. 60,000, na ile 50,000 iko palepale. Mwenzetu huyu anasoma uhandisi, hesabu ngumu kuliko hiyo anazifanya kila siku. Ila hakuna darasa lililowahi kumwonyesha riba inavyotembea.

Hakuwa peke yake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipotangaza orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, tuliisoma huku simu zikiwa mkononi. Wapo waliokuta humo programu waliyokuwa wakidaiwa.

Tunapopokea bumu, kwa hesabu ya Sh. 10,000 kwa siku, siku 60 ni Sh. 600,000. Kwa wengi wetu ndiyo fedha kubwa ya kwanza kuishika maishani, na nyumbani nako wanajua imeingia. Ada ya mdogo wako inaisubiri. Hilo si anasa, Mheshimiwa, na linahitaji mtu afundishwe kulipangia.

Halafu kuna deni la Bodi ya Mikopo. Sote tunajua kwamba tukiajiriwa tutakatwa asilimia 15 ya mshahara, lakini mpaka mwaka huu hakuna kati yetu aliyekuwa ameikokotoa. Tuliikokotoa pamoja: mwenye deni la Sh. 12,000,000 na mshahara wa msingi wa Sh. 800,000 atakatwa Sh. 120,000 kwa mwezi, kwa miezi 100. Ukumbi ulinyamaza. Ni miaka minane na miezi minne, na mtu anapaswa kuijua kabla hajasaini fomu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ombi letu ni moja. Stadi za Mawasiliano tunasoma sote, wa sheria na wa kilimo. Elimu ya fedha nayo iwe somo la lazima kwa kila kitivo, muhula wa kwanza, wiki za mwanzo, bumu la kwanza likiwa bado halijaingia. Wanaosoma uhasibu wanafundishwa vitabu vya kampuni. Hata wao hati ya mshahara wao wenyewe hawajawahi kuisoma darasani. Tufundishwe kwa karatasi halisi: mkataba wa mkopo, taarifa ya deni la Bodi, hatifungani za Serikali, yaani hati za kuikopesha Serikali kwa riba, na vipande, yaani hisa ndogo za mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Tunakuomba utufikishie ombi hili kwenye Seneti ya Chuo na Tume ya Vyuo Vikuu.

Siku somo hilo litakapoanza, kaunta buku letu tutamkabidhi mwalimu wake, likiwa na ukurasa wa deni la yule mwenzetu. Mwenyewe ameridhia.

Tunaomba kuwasilisha.