Mwanangu, mwache mkeo ambebe mtoto

Mwanangu Salim,

Salamu nyingi kutoka huku Tanga. Sisi wazima, baba yako miguu inamsumbua kidogo lakini msikitini anafika. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na ule mrefu wa jana usiku nimeurudia ili nisikuonee. Unasema Asha anamdekeza mtoto: akilia kidogo kabebwa, akigeuka kitandani kabebwa, mwisho atazoea mikono na nyumba haitakalika. Unasema umesoma kwenye simu kwamba mtoto wa miezi mitano aachwe alie mpaka anyamaze mwenyewe, ndipo atakuwa mkakamavu. Na unataka mimi mama yako nizungumze na mkwe wangu aache hiyo tabia.

Sizungumzi naye. Nazungumza na wewe, tena kwa maandishi, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Hilo ulilolisoma ni la zamani kuliko baba yako. Mwaka 1928 Mmarekani mmoja, John B. Watson, alitoa kitabu cha malezi kilichosomwa sana. Aliwaonya wazazi wasimkumbatie mtoto, wasimbusu, wasimpakate. Ikiwalazimu kabisa, wambusu mara moja kwenye paji la uso anapokwenda kulala, na asubuhi wampe mkono. Wampe mkono, Salim! Kitoto kinachotambaa unakisalimia kama karani wa benki. Huko New Zealand nako kulikuwa na daktari Truby King, yeye alishika saa: mtoto anyonye kila baada ya saa nne, usiku asipewe kitu, alie asilie. Hawa hawakuwa wendawazimu. King alihangaika kweli kuokoa watoto wachanga waliokuwa wakifa kwa maradhi ya tumbo, na usafi aliousisitiza ulisaidia. Lakini hoja yao kuhusu kilio ilikuwa moja: ukimjibu mtoto anayelia, unamfundisha kulia zaidi.

Miaka yote niliyofundisha wauguzi, kila darasa lilikuwa na mwanafunzi aliyekuja na maneno hayohayo, na mara nyingi alikuwa hajazaa. Sikuwa nabishana naye. Nilikuwa namweleza habari za mwanamke mmoja anayeitwa Mary Ainsworth, na leo zamu yako imefika.

Alizaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1913, jina la kwao Salter, binti wa kwanza kati ya watatu. Akiwa bado mdogo familia ikahamia Toronto, Kanada. Kusoma alikuwa anasoma vibaya sana, maana yangu ni kwamba alikuwa haachi. Akiwa na miaka 15 alikutana na kitabu cha saikolojia, akaona kumbe mtu anaweza kutazama ndani ya nafsi yake akajieleza kwa nini yuko alivyo. Basi hapo ndipo ilipokwisha kazi. Chuo Kikuu cha Toronto aliingia akiwa na umri ambao wengine bado wanavaa sare za shule, na mwaka 1939 akapata shahada ya uzamivu ya saikolojia.

Mwalimu aliyemkaa moyoni alikuwa William Blatz. Huyu alifundisha kwamba mtoto anahitaji kwanza kuwa na uhakika na wazazi wake, kisha ndipo anapata ujasiri wa kutoka kwenda kujaribu mambo mageni. Angalia mpangilio huo: uhakika unatangulia, ujasiri unafuata. Wewe na hiyo simu yako mmeugeuza.

Vita vilipokuja alijiunga na jeshi la wanawake la Kanada mwaka 1942 akafika cheo cha meja. Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, wakaenda London mume akamalizie masomo. Kule, kwa tangazo la kazi gazetini, akaajiriwa na daktari John Bowlby katika Kliniki ya Tavistock. Bowlby alikuwa akichunguza watoto waliotenganishwa na mama zao, waliolazwa hospitali au kupelekwa kwenye makao. Wakati ule wataalamu wengi, hata wale waliokuwa hawaelewani kwa mengine yote, walikubaliana kwamba mtoto anampenda mama kwa sababu ndiye anayemlisha. Bowlby akaanza kuona kwamba upendo huo una mzizi wake wenyewe, na akawa anasoma habari za ndege na wanyama kutafuta ushahidi. Ainsworth hakukubaliana naye. Alimwonya kwamba atajiharibia jina.

Kilichombadilisha hakikuwa London. Mwaka 1954 mumewe alipata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere, Kampala, naye akamfuata. Ulikuwa wakati mgumu kwa Buganda: mfalme wao, Kabaka Mutesa wa Pili, alikuwa amepelekwa uhamishoni Uingereza na gavana wa Kiingereza, watu wana uchungu, na hapo ndipo anatokea mwanamke wa kizungu na daftari lake, anataka kuingia majumbani mwa watu kutazama watoto. Kwamba walimpokea ni sifa yao zaidi kuliko yake. Alijifunza Kiganda kiasi, na kwa mengine akamtegemea mkalimani na msaidizi wake, Katie Kibuka. Mara nyingi vitabu vinalitaja jina la Ainsworth peke yake. Mimi nilikuwa nawafanya wanafunzi wayaandike yote mawili ubaoni.

Alikuwa amesikia kwamba Waganda humwachisha mtoto ziwa ghafla na kumpeleka kwa bibi yake ili alisahau, akapanga kupima mtoto alivyokuwa kabla na baada. Alipofika akakuta desturi hiyo imeanza kufifia. Wengine wangefunga virago. Yeye akabaki na akatazama kilichokuwepo. Familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala, watoto 28, alizitembelea kila baada ya wiki mbili, saa mbili kila safari, kwa muda uliofika miezi tisa kwa baadhi yao. Alikaa sebuleni alasiri, saa ambayo akina mama wa Kiganda walizoea kupokea wageni, wanazungumza naye, mtoto anatambaa, anarudi, ananyonya, anakwenda tena. Hakuna mashine, hakuna dawa. Mtu mzima amekaa anaangalia mtoto.

Na alichokiona, Salim, wewe mwenyewe umekifanya hapa ukumbini kwetu ukiwa na miezi tisa. Mtoto anashuka mapajani kwa mama, anakwenda mpaka kwenye mlango, anageuka kuangalia kama mama bado yupo, kisha anaendelea. Mama akiondoka, uchunguzi wote unakoma. Ainsworth aliandika kwamba mama ndiye kituo ambacho mtoto anatokea kwenda kuujua ulimwengu. Ziwa lilikuwa sehemu tu ya habari hiyo. Ndipo alipokiri kwamba Bowlby alikuwa sahihi.

Watoto wale aliwagawa katika mafungu. Kumi na sita walikuwa na uhakika na mama zao: walilia kidogo, wakacheza kwa raha mama akiwapo. Saba walikuwa na wasiwasi, walilia mara kwa mara hata wakiwa wamepakatwa, na hawakuthubutu kwenda mbali. Watano walikuwa bado hawajaonyesha kumtofautisha mama na wengine. Akatafuta tofauti iko wapi. Mama wengi pale walikuwa na upendo, kwa hiyo upendo peke yake haukueleza kitu. Kilichojitokeza ni hiki: mama ambao watoto wao walikuwa na uhakika ndio wale waliokuwa wanaweza kumweleza mtoto wao kwa undani bila kuulizwa sana. Anapenda nini, analiaje akiwa na njaa, analiaje akiwa na usingizi, jana alifanya nini kipya. Walikuwa wanamsoma mtoto na kumjibu. Na waliofurahia kunyonyesha, watoto wao pia walitulia zaidi.

Hapa naomba usimame kidogo ujijibu. Nikikuuliza leo mwanao analiaje akiwa na njaa na analiaje akichoka, utajua? Asha niliwahi kumuuliza. Alinijibu mpaka maji ya chai yakakauka jikoni.

Mwishoni mwa 1955 walihamia Baltimore, Marekani, na hatimaye akawa anafundisha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Ni chuo kilekile alichofundishia Watson zamani, kabla hakijamwondoa, yule wa kupeana mikono na watoto. Mary alikuta mshahara wake uko chini ya wanaume wa sifa kama zake, akadai, na ukumbi mkuu wa chakula cha walimu wanawake walikuwa hawaruhusiwi. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1960. Watoto aliwatamani, hakujaaliwa. Wapo waliomsema kwa hilo, kwamba atajuaje malezi. Mimi naona aliyetazama watoto wa wenzake kwa uvumilivu ule ana haki ya kusema kuliko sisi wengi tuliozaa tukiwa na haraka zetu.

Baltimore akarudia alichokifanya Uganda: familia 26 tena, safari hii kuanzia mtoto yuko mchanga mpaka anapita mwaka, saa nne kila anapokwenda, jumla yake karibu saa 72 kwa kila nyumba. Yeye na mwenzake Silvia Bell walihesabu vilio na muda mama aliochukua kuitikia. Matokeo wakayatoa mwaka 1972, na haya ndiyo nataka uyasome taratibu: watoto ambao mama zao waliitikia haraka katika miezi ya mwanzo ndio waliokuwa wanalia kidogo mwaka ulipokuwa unaisha. Walikuwa wameanza kutumia sauti na ishara nyingine kusema wanachotaka. Wafuasi wa mawazo ya Watson walipinga hesabu zile kwa maandishi makali, na ugomvi ulichukua miaka. Lakini mtoto anayeharibika kwa sababu aliitikiwa akiwa na miezi mitano, mimi katika kazi yangu yote sijamwona wodini wala mtaani.

Alitunga pia jaribio ambalo limemfanya ajulikane. Watoto wa Uganda walikuwa wanalia mama akitoka, ila wa Baltimore nyumbani kwao wamezoea mama kutoka chumba hadi chumba, hawashtuki. Akatengeneza chumba chenye vitu vya kuchezea, mama na mtoto wanaingia, mgeni anaingia, mama anatoka kwa dakika chache, anarudi. Yote dakika 20 hivi. Watu hudhani kipimo ni mtoto kulia mama anapotoka. Hapana, uzito uko mama anaporudi: je, mtoto anamfuata, anatulizika, kisha anarudi kucheza? Wapo wasiolia kabisa na wasiomtazama mama akirudi. Zamani huyo angesifiwa kuwa jasiri. Baadaye watafiti walipima mapigo ya moyo ya watoto wa namna hiyo, wakakuta moyo unakwenda mbio kama wa wenzao wanaolia. Fikiri hilo unapotaka mtoto anyamaze mwenyewe.

Sikubaliani na kila kilichofuata. Ripoti ya Bowlby ya mwaka 1951 kwa Shirika la Afya Duniani ilitumiwa na wengi kuwaambia wanawake wabaki nyumbani, na mpaka leo wapo wanaomfanya mama aone kila dakika ya kazini ni dhambi. Asha likizo yake imeisha, anafanya kazi, na mtoto anabaki na dada. Sioni kosa, ilimradi dada huyo hamumbadilishi kila mwezi na anamjua mtoto. Sisi hatujawahi kulea mtoto kwa mikono miwili tu. Ainsworth mwenyewe aliona Uganda kwamba mtoto hushikamana na mama na bado akawa na wengine wake: bibi, dada, kaka.

Na baba. Hapa ndipo nilipokuwa nakuleta. Aliandika kwamba baadhi ya watoto wale walikuwa wameshikamana na baba zao kwa nguvu isiyolingana kabisa na muda mchache waliokuwa wanawaona. Akafikiri lazima kuna kitu katika namna baba anavyomshika mtoto, upole fulani au furaha kubwa, kinachomfanya mtoto amng'ang'anie. Kwa hiyo usiniambie wewe unarudi saa mbili usiku huna nafasi.

Kwa ratiba, basi. Asha anaamka alfajiri. Mtoto akilia usiku na hajafika saa yake ya kunyonya, inuka wewe. Mbebe begani, tembea naye koridoni, mwimbie hata ule wimbo wa Simba ukitaka, mimi mambo ya mpira siyaingilii. Akiwa ana joto kali, akikataa ziwa, au akilia na habembelezeki kwa namna ambayo hujaizoea, huyo si wa kubembeleza, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Na hizo makala za kwenye simu usimsomee mkeo tena.

Nakuja mwezi ujao baada ya mavuno. Mbeleko ninayo, kanga mbili za Asha ninazo, na samaki wakavu nimeshaagiza. Mume wangu mdogo mwambie mke wake mkubwa yuko njiani.

Mama yako