Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: siku ile mwezi ulikuwa mpevu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Kwa umri ungeniamkia, kwa cheo mimi ndiye wa kukuamkia, basi tuishie kwenye salaam za heshima kutoka mwaloni, hapa mitumbwi inapotia nanga, upande huu wa Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria.

Naandika juu ya kilabu chetu cha komoni, pombe yetu ya kienyeji ya mahindi na ulezi. Tangazo lililobandikwa kwa mtendaji wa kata linasema kifungwe, na kina mama wapikaji wahamie eneo jipya nyuma ya stendi, kilomita nne kutoka ziwani. Sababu iliyotajwa ni kwamba siku ulipopita na msafara wako, saa tano asubuhi, ulikuta vijana wamejaa kwenye mabenchi wakati wa kazi.

Mheshimiwa, siku ile mwezi ulikuwa mpevu.

Dagaa huvuliwa gizani. Vijana hutoka jua likizama, huwasha taa juu ya maji (zamani karabai, siku hizi za sola), dagaa hufuata mwanga, nyavu huwakusanya. Mbalamwezi ikitanda, taa haina kazi tena, kwani ziwa zima limeshaangaza. Mitumbwi hupandishwa mchangani na watu hupumzika mpaka giza lirudi. Ofisini mna Jumamosi na Jumapili, sisi tuna mbalamwezi. Na vijana hao hao, siku za giza, saa tano asubuhi utawakuta wamelala fofofo baada ya kukesha majini, na mabenchi hayana mtu.

Tena si kila uliyemwona alikuwa analewa. Mimi mwenyewe nilikuwepo, kona ya kulia, nashona wavu. Pombe niliiacha kwa amri ya daktari, lakini kilabu sijakiacha, kwa sababu kazi zangu zote hupatikana pale. Meza ya katikati palikuwa na tajiri wa mtumbwi na vijana wake wakipiga hesabu ya giza lililokwisha: mafuta kiasi gani, dagaa ndoo ngapi, kila mmoja anabaki na nini. Hupigwa pale makusudi, mbele ya masikio ya watu, maana tajiri akimpunja mtu chumbani nani atajua? Chini ya kaunta kuna daftari la michango ya misiba. Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha, hatukwenda ofisi yoyote kuuliza tufanye nini. Tulikwenda pale, penye redio, na daftari likafunguliwa.

Sasa nije kwenye komoni yenyewe, maana nahisi aliyekuandikia ripoti hajawahi kuiona ikipikwa. Ulezi huloweshwa, hufunikwa kwa gunia mpaka uote, huanikwa, husagwa: hicho ndicho kimea. Unga wa mahindi huchachushwa siku kadhaa, kisha hukaangwa kwenye bati pana juu ya moto, mama anageuza kwa koleo huku moshi unamtoa machozi. Kimea na maji vikishaingia, inabaki kuumuka, halafu kuchujwa. Ikiiva leo, inyweke leo. Kesho imelala, imekuwa chungu, na ya kesho kutwa hata nguruwe anaifikiria mara mbili. Ndiyo maana kilabu kiko hatua thelathini tu kutoka jikoni.

Mama mmoja alijaribu kutii tangazo lako. Alijaza madumu mawili ya lita ishirini, akayafunga barabara, akayapakia kwenye bodaboda kuelekea eneo jipya. Chachu haijui tangazo. Kwa jua lile na mashimo yale, dumu lilivimba kama kitambi, na walipofika kwenye kalvati kifuniko kikaruka. Dereva alidhani amepigwa risasi. Alirudi amepakwa komoni kuanzia kofia hadi ndala, mbwa wa njia nzima nyuma yake. Tulicheka, siwezi kukuficha, lakini yule mama alipoteza mtaji wa wiki, na hajapika tangu siku hiyo.

Kuna kitu kingine ambacho hakichachi, hakivimbi, na hukaa kwenye chupa ya maji mfukoni mwezi mzima. Unakijua. Gongo imepigwa marufuku tangu sheria ya mwaka 1966, na bado ipo, kwa sababu haihitaji benchi wala mwanga. Komoni hainyweki kwa kujificha: inataka chungu kikubwa, moto unaoonekana barabarani, na watu wengi wa kuimaliza siku ile ile. Ukiiondoa mwaloni, vijana hawatapanda kilomita nne kuifuata. Watabaki hapa hapa, nyuma ya nyumba, na ile chupa. Tayari wiki hii nimeona wawili.

Sisemi kilabu hakina makosa. Choo chetu ni aibu, shimo moja lenye mlango wa kiroba, na wengi hukikimbia wakaenda kwenye matete kando ya maji, pale pale watoto wanapoogelea. Afisa afya akitukemea kwa hilo, na kichocho kilivyotuzunguka, anasema kweli. Watoto kutumwa komoni nako kukome. Lakini ada ya leseni ya vileo tunailipa halmashauri, risiti zipo kwenye kopo la Blue Band juu ya rafu, na hakuna hata tofali moja la choo lililorudi kutoka kwenye fedha hiyo.

Ninachoomba ni hiki: tangazo libanduliwe. Tuwekewe saa za kufungua zinazofuata giza na mbalamwezi, BMU wetu, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, wanaijua kalenda hiyo kichwani. Sehemu ya ada irudi kama choo cha matundu manne na bomba la maji. Mchanga na nguvu kazi tutatoa sisi, siku za mbalamwezi, vijana hao hao uliowaona.

Na uje tena kabla hujaamua, safari hii bila msafara. Njoo siku za giza, saa tano ile ile. Utamkuta mama anachuja, paka kwenye benchi, na mimi na wavu wangu. Kama hutumii pombe, togwa ipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi nyavu wa mwaloni