Kwa Nini Ziara Yetu ya Brickendon Haiingii Ndani ya Nyumba Kubwa

Baadhi ya wageni tuliowapeleka Brickendon, shamba la kihistoria nje kidogo ya mji wa Longford katika kisiwa cha Tasmania, Australia, wametuuliza kwa masikitiko kwa nini waliishia kuitazama nyumba kubwa kutoka bustanini. Swali hilo ni la haki, na tulipaswa kulijibu kabla hawajalipa. Nyumba ile ni makazi ya watu: William Archer alianza kulima hapo mwaka 1824, na ukoo wake haujaondoka hadi leo.

Hata kwa nje, anayejua la kutazama huona mengi. Nyumba imejengwa kwa mtindo wa Kijojia, uliopewa jina la wafalme wa Uingereza walioitwa George, ambao msingi wake ni ulinganifu: mlango huwekwa katikati, na kila dirisha la kushoto huwa na mwenzake kulia.

Muda mwingi, hata hivyo, tunautumia kwenye majengo ya shamba, kwa kuwa hayo ndiyo yanayosimulia habari za wafungwa, ambazo kwa ajili yake UNESCO iliitia Brickendon, pamoja na shamba jirani la Woolmers, katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2010. Wafungwa waliosafirishwa kwa meli kutoka Uingereza na Ireland walikabidhiwa kwa wenye mashamba, wakatumikishwa bila mshahara, kwa chakula, mavazi na malazi tu, wanaume wakilima na kujenga, wanawake wakipika na kufua. Ghala la nafaka limeinuliwa juu ya nguzo ili panya wasilifikie. Karibu nalo yapo maghala ya mbao na kanisa dogo. Hapo ndipo tunapokaa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu utajiri wa nyumba kubwa ulitoka katika mikono iliyofanya kazi hapa.

Anayetamani kuona vyumba na samani atuambie mapema anapoweka nafasi, ili tumwongezee Woolmers, ng'ambo ya mto Macquarie, ambako vizazi sita vya ukoo wa Thomas, ndugu yake William, viliishi hadi mwaka 1994, na ambako wageni huongozwa ndani ya nyumba yenyewe. Tafadhali vaeni viatu vya kutembelea, kwani njia ya miguu kati ya mashamba hayo mawili hupita malishoni.