Darubini ya bunduki ijaribiwe jioni, kabla ya kulipiwa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na ndugu zangu wa Mombasa wenye leseni za bunduki, na zaidi niseme na wanaowauzia darubini za kufunga juu ya bunduki hizo. Mimi ni askari wa wanyamapori mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa Tsavo Mashariki, na tangu nistaafu nasaidia kusimamia uwanja wa shabaha huku Pwani, ambako vijana huniletea vifaa vyao nivitazame. Linaloniuma ni kuona mtu akitoa pesa nyingi kwa darubini ambayo hakuitazama hata mara moja nje ya mlango wa duka. Pesa ni zake, lakini anayeumia ni mnyama.

Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, nami naiunga mkono marufuku hiyo kwa moyo wote. Lakini ukishavuka Lunga Lunga, upande wa Tanzania, uwindaji wa vibali unaendelea kisheria, na wapo Wamombasa wanaokwenda huko msimu ukifika. Wengine hawawindi kabisa, wao hupenda shabaha ya masafa, mita 300, mita 600 na kuendelea. Wote wanategemea kifaa kile kile.

Mwaka jana alinijia kijana mfanyabiashara, mtu mtulivu, ametoka Tanzania kuwinda. Baada ya shikamoo alikaa kimya, kisha akasema, "Mzee, nimempiga pofu vibaya." Pofu ni yule swala mkubwa wa porini. Kijana alilenga begani, risasi ikaingia tumboni. Waliifuata damu mpaka giza likawazuia, wakampata asubuhi, bado yu hai. Kijana aliapa kwamba kabla ya safari bunduki ilipiga palepale ilipolengwa kwa mita 100. Kule porini akazungusha mzungusho wa darubini (kirungu kidogo cha kupandisha au kushusha shabaha) kwa ajili ya mita 250, kama jedwali lake la kuanguka kwa risasi lilivyoagiza, akafyatua.

Nilimwambia ailete uwanjani. Tulisimamisha ubao mrefu, nikauchora mstari wa wima kwa timazi, tukapima mita 100 kwa tepu, maana hatua za miguu hudanganya. Bunduki ikalazwa juu ya viroba vya mchanga. Mzungusho wa darubini yake huhesabu kwa mili, kipimo cha pembe, na mili moja kwa mita 100 ni sentimita 10, hivyo kila kliki ya sehemu moja ya kumi husogeza risasi sentimita 1. Akapiga risasi chache chini ya mstari, akazungusha mili 5 juu, akapiga tena akilenga mahali pale pale. Zilipaswa kupanda sentimita 50. Tepu ilisoma 43. Tena hazikupanda wima, zilikuwa zikikimbia upande wa kulia wa mstari. Tukairudisha darubini pale ilipoanzia, kliki kwa kliki, naye akapiga. Tundu jipya likatokea sentimita 7 kulia mwa matundu ya kwanza.

Sentimita 7 kwa mita 100 ni sentimita 17 na nusu kwa mita 250. Ongeza pumzi inayopanda na mkono unaotetema mbele ya mnyama mkubwa, na hapo umeshafika tumboni. Kijana aliutazama ubao muda mrefu. Mkono wake haukuwa na lawama. Matundu ya kila kundi yangefunikwa na kifuniko cha soda, ila kundi lenyewe lilikuwa limehama.

Nikamuuliza kwa nini alichagua darubini ile. Akanijibu kwamba inakuza mara 24, na ile ya jirani yake dukani ilikuwa ya mara 9 tu. Jibu hilo nalisikia kila siku, na ndilo lililonisukuma kuandika.

Namba za kwenye boksi zina maana yake, ila siyo ile wanayoambiwa wanunuzi. Ukiona 6-24x50, maana yake inakuza kuanzia mara 6 hadi mara 24, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 50. Gawanya 50 kwa 24. Unapata milimita 2 na kidogo, na huo ndio upana wa duara la mwanga linalotoka nyuma kuja kwenye jicho lako. Unaweza kuliona kwa macho: ishike darubini kwa urefu wa mkono, ielekeze kwenye mbingu nyeupe (kamwe siyo kwenye jua), utaona kiduara kinang'aa katikati ya kioo cha nyuma. Mboni ya kijana hutanuka gizani hadi milimita 7 hivi, ya mzee kama mimi ni 5 au pungufu. Saa ambazo wanyama hutoka, alfajiri na magharibi, duara la milimita 2 linakuachia picha ya kiza. Darubini ya zamani ya 6x42, isiyobadilika, inakupa milimita 7 kamili. Yule kijana angeweza kuishusha yake hadi mara 8 akapata duara la milimita 6, lakini alishalipia 24 na 24 ndiyo aliyoitumia.

Mchana nao una adhabu yake kwa namba kubwa. Ardhi ikishapata joto, mazigazi hupanda, na ukikuza sana ubao wote unachemka mbele ya jicho. Uwanjani kwetu, kuanzia saa nne asubuhi, wazoefu wote wanashusha hadi mara 10 au 12. Kwa mnyama aliye ndani ya mita 200, mara 4 hadi 6 inatosha na kubaki.

Kitu kingine ni dawa iliyopakwa kwenye vioo. Kila uso wa kioo kitupu hurudisha nyuma karibu asilimia 4 ya mwanga. Darubini ikiwa na nyuso kumi tu, theluthi nzima ya mwanga imepotea kabla ya kukufikia. Ndiyo maana kazi aliyoifanya mwanafizikia Smakula kule Zeiss, kampuni ya vioo ya Ujerumani, mwaka 1935, ya kupaka kioo utando mwembamba wa kuzuia mwanga usirudi, ilibadilisha darubini zote za dunia. Leo kila boksi limeandikwa kwamba vioo vimepakwa. Kama ni nyuso zote au ule wa mbele tu, tabaka ngapi na kwa ubora gani, boksi halisemi. Jicho lako litasema, mradi ulipe nafasi.

Na nafasi hiyo ndiyo wenye maduka wanatunyima. Niliwahi kumsindikiza mtu kwenye duka moja mjini, nikaomba tutoke na darubini mbili mpaka kibarazani tuzilinganishe. Muuzaji akanijibu kwa adabu, "Mzee wangu, boksi halifunguliwi mpaka mlipe." Chini ya taa za dukani, ukitazama ukuta mweupe hatua sita mbele, hakuna darubini mbaya. Zote zinang'aa. Mtihani uko nje, saa kumi na mbili na nusu jioni hivi, jua likishazama. Kwetu hapa machweo ni mafupi, kama dakika ishirini hivi na giza limeingia, kwa hiyo uwe tayari mlangoni. Ziweke zote mbili mara 6, maana kulinganisha mara 6 na mara 12 ni bure. Tazama chini ya mwembe au mwarobaini uliofunga kivuli, tafuta kijiti, ufa wa gome, jani lililokauka. Soma maandishi madogo ya kibao kilicho ng'ambo ya barabara, kisha subiri dakika tano usome tena. Ile itakayoendelea kusomeka wenzake wakishakwisha ndiyo ya kununua, hata kama boksi lake ni la kawaida. Kabla giza halijaingia tazama pia waya wa umeme dhidi ya mbingu. Kioo hafifu huuchora waya ukiwa na ukingo wa zambarau.

Sisi wa Pwani tuna mtihani mwingine wa bure kabisa. Maduka haya yana viyoyozi. Itoe darubini kwenye baridi ile hadi kwenye hewa yetu nzito ya nje, kioo kitaingia ukungu papo hapo. Ukifutika kwa kitambaa, ni ukungu wa juu, hauna shida. Ukibaki ndani, usiwe na maneno mengi, rudisha. Darubini njema hutolewa hewa ya kawaida kiwandani ikajazwa gesi kavu ya naitrojeni au agoni, ikazibwa. Ikivuja Mombasa, kinachoingia ni unyevu wa chumvi, na baada ya unyevu huja kuvu. Nimefungua darubini ambazo kuvu imetambaa juu ya kioo kwa nyuzi nyeupe nyembamba, na hapo hata fundi hodari hawezi kuirudisha dawa iliyoliwa. Ukishanunua, ukiwa bado na dhamana, itumbukize kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu ukiwa umefunga vizuri vifuniko vya mizungusho. Mapovu machache ya mwanzo hutoka kwenye nyuzi za vifuniko. Yakiendelea kutoka mstari mmoja, mahali pamoja, inavuja.

Ufungaji wenyewe unadharauliwa kupita kiasi. Watu hununua darubini ya bei mbaya wakaifunga kwa pete za bei ya chai, kisha wakakaza skrubu kwa nguvu zote za mkono mpaka bomba likaminyika. Pete nyingi zinataka nguvu ya kukaza ya nyutoni mita 2 tu, na hiyo hupimwa kwa spana ya kipimo. Weka pima maji ili mistari ya kulengea isimame wima, la sivyo kila unapozungusha juu risasi itakimbilia pembeni. (Ile ya kijana tuliipima kwanza, ilikuwa imesimama sawa, na skrubu zilikuwa zimekaza ipasavyo. Kasoro ilikuwa ndani.) Acha nafasi ya sentimita 9 au 10 kati ya jicho na kioo. Bunduki ya .375 (upana wa risasi kwa inchi) ina teke kali, na nimewaona wanaume wazima wametoka damu juu ya nyusi kwa sababu walisogeza uso mbele.

Wa masafa marefu nawakumbusha kwa ufupi kwamba jedwali lililotengenezwa Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, halitafaa huku chini ambako hewa ni nzito. Risasi itaanguka zaidi. Na darubini ambayo mistari yake haikui pamoja na picha, vipimo vyake ni sahihi kwa ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa. Uliza kabla ya kulipa.

Niseme na hili, kwa sababu nililiona porini na sasa naliona kwa vijana wetu. Darubini ya bunduki siyo ya kutazamia mandhari. Anayeinua bunduki amtazame mtu aliye mbali ili ajue ni nani, ameshamwelekezea mtutu binadamu. Beba darubini ya mkononi kwa kazi hiyo. Na majaribio yote ya mjini niliyoyaeleza hufanywa na darubini peke yake, bunduki ikiwa imefungiwa kabatini.

Kuna pia zile za bandia, zenye majina makubwa ya Marekani na Ujerumani yaliyochapwa vizuri sana. Muuzaji mkweli hatakasirika ukimwandikia mtengenezaji na kumtajia namba iliyo kwenye bomba la darubini kabla ya kulipa.

Ombi langu kwa wenye maduka ya Mombasa ni kwamba mteja aruhusiwe kufungua boksi na kutoka nayo hadi mlangoni wakati wa machweo, muuzaji akiwa kando yake. Chukueni amana ya pesa mkihofia, au hata kitambulisho. Andikeni pia kwenye risiti kwamba darubini isiporudi pale ilipoanzia ndani ya siku kumi na nne, itapokewa. Yule kijana alipoirudisha yake aliambiwa kwamba kwa kuwa imeshafungwa juu ya bunduki, dhamana imekufa. Sasa darubini ya bunduki utaijaribuje bila kuifunga juu ya bunduki?

Na kwa vilabu vya shabaha vya Pwani: simamisheni ubao wa kudumu kwenye mita 100, wenye mstari wa timazi na alama kila sentimita 10 mpaka mita moja, na asiruhusiwe mtu kupiga mita 300 mpaka darubini yake ipande na kurudi kwenye mstari huo. Ni ubao mmoja, kopo la rangi nyeusi na asubuhi ya kazi. Klabu itakayokubali inijulishe kupitia gazeti hili, nami nitakuja na timazi yangu.

Askari wa wanyamapori mstaafu,
Kisauni, Mombasa