Shangazi usikatishe mionzi

Shangazi shikamoo. Mama kanipigia jana usiku ananiambia eti umekataa kurudi Dar, umeshachoma mionzi mara 22 zimebaki 13, halafu unasema bora usubiri ile mashine ya huku Uswisi inayomaliza kansa kwa sekunde moja. Sijalala. Nimeona niandike tu maana nikipiga simu nitalia.

Ile meseji ya mashine hiyo kwenye grupu la familia sio uongo wote. Hospitali yenyewe ndo hii CHUV ya hapa Lausanne, naipita kila siku nikienda kazini. 2018 walimtibu mzee wa miaka 75 mwenye limfoma ya ngozi, yaani kansa ya seli za kinga iliyotokea kwenye ngozi, alikuwa ameshachomwa mionzi zaidi ya mara 100 sehemu mbalimbali za mwili mpaka ngozi imechoka, sasa wao wakampa dozi yote ya greyi 15 (greyi ni kipimo cha mionzi) kwa mkupuo, haikufika hata sehemu ya kumi ya sekunde, yaani hata kope hujafumba. Uvimbe ukaisha na ngozi ya pembeni ikaathirika kidogo tu. Wanaiita FLASH. Ilianzia kwa panya, 2014 watafiti wa Institut Curie kule Ufaransa walionyesha kwamba kwa kasi ile uvimbe unakufa vilevile ila mapafu yasiyo na ugonjwa yanasalimika. Kwanini yanasalimika, mpaka leo wanabishana.

Lakini shangazi, uvimbe wa yule mzee ulikuwa juu juu kwenye ngozi, sentimita 3 na nusu. Miale ya elektroni waliyotumia inaingia sentimita chache tu inakwisha nguvu, na wako uko kooni ndani. Ndo maana CHUV wameungana na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Geneva, watengeneze mashine yenye nguvu zaidi ya kufika mpaka sentimita 20, 2022 wakasaini na kampuni ya kuijenga, na ikishajengwa lazima ijaribiwe kwanza taratibu. Marekani nao, kule Cincinnati, walianza FLASH ya miale ya protoni kwa watu 10 tu wenye kansa iliyoingia mifupa ya mikono na miguu, walikuwa wanatuliza maumivu, hawakuwa wanaponya.

Najua mdomo umejaa vidonda na hata uji unakuunguza. Hayo hayo ndo wanataka yasimpate mtu tena, na naombea siku moja FLASH ifike hospitali zetu za Ocean Road na Bugando. Ila kansa ya koo ukikatisha mionzi katikati inapata mwanya wa kuota upya, na siku ulizoruka kuzifidia ni kazi sana, hiyo ndo inaniogopesha kuliko vidonda. Mwambie daktari ukweli kwamba huwezi kumeza, usimfiche, akupe dawa ya maumivu unywe kabla ya kula, na muulize kuhusu kusukutua maji ya chumvi.

Nauli na hela ya chumba nimeshatuma kwa Mama, Jumapili mnapanda basi wote wawili ili Jumatatu asubuhi uwe kwenye foleni. Mkifika Ubungo nibipu, hata kama ni usiku wa manane.