Risala ya Kikundi cha Wazazi na Wahudumu wa Afya ngazi ya Jamii, Mwambao wa Ilemela, Mwanza, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Serikali na wa dini, wazazi wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika hafla ya kuhitimisha mafunzo ya wahudumu wetu, na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ili uwe nasi.

Kikundi chetu kilianzishwa na akina mama wanaoanika dagaa kwa lengo la kukopeshana, kisha kikabeba jukumu la afya ya watoto. Tangu hapo tumepata mafanikio makubwa: tumenunua mizani ya kupimia watoto, tumepita nyumba kwa nyumba tukifundisha matumizi sahihi ya dawa, na kwa michango yetu tumejenga chumba cha maabara katika kituo cha afya, kikapigwa lipu na kutiwa madirisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chumba hicho ndicho kilichotufanya tukuombe uje. Mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa, yaani hali ya dawa kushindwa kuwaua, ulisababisha moja kwa moja vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani, na takriban kimoja katika kila vitano kilikuwa cha mtoto wa chini ya miaka mitano. UVIKO-19 ulichochea hali hiyo, kwani Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2024 kwamba asilimia 8 tu ya waliolazwa kwa ugonjwa huo walikuwa pia na maambukizi ya bakteria, ilhali takriban asilimia 75 walipewa antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria. Hapa kwetu wapo waliokuwa wakinunua antibiotiki ya azithromaisini kwa kila kikohozi, wakati dawa hiyo haiui kirusi, na mazoea hayo hayajakoma. Mama bado ananunua kapsuli mbili za amoksilini dukani, anafungua moja, anamnyunyizia mwanawe nusu ya unga kwenye uji, na nusu iliyobaki anaifunga katika kipande cha gazeti kwa ajili ya kesho. Hatumlaumu, kwa maana hata akimfikisha mtoto kituoni, daktari naye, bila maabara, analazimika kukisia dawa ya kumpa.

Mtoto mchanga mwenye maambukizi kwenye damu huanzishiwa ampisilini na jentamaisini. Asipopata nafuu hubadilishiwa seftriaksoni. Na endapo kimelea ni bakteria sugu aina ya Klebsiella, hata hiyo haifui dafu, na siku zimeshapotea. Kipimo cha kuotesha vimelea vilivyomo kwenye damu kingeonyesha ndani ya siku mbili au tatu ni dawa ipi bado inafanya kazi. Kwa sasa tunakifuata Hospitali ya Bugando, na wazazi wengi hukwama kwenye nauli.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi aliyekutangulia alituahidi vifaa vya maabara, tukampigia makofi. UVIKO-19 ulipoingia tukaelezwa kuwa fedha zimeelekezwa kwenye dharura, nasi tukaelewa. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa dharura hiyo imekwisha. Chumba chetu hadi leo ni stoo ya magodoro chakavu.

Kwa unyenyekevu tunaomba kabati la kuoteshea vimelea, jokofu, jenereta kwa sababu umeme hukatika, na mtaalamu mmoja wa maabara wa kudumu. Tunaomba pia, kwa heshima zote, ututajie leo mbele ya wazazi hawa tarehe ya vifaa kufika na ofisi tutakayofuatilia. Funguo za chumba anazo katibu wetu, naye yuko tayari kukuonyesha kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.