Soma lebo kabla hujameza

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Ile picha ya chupa uliyonitumia nimeikuza nikaisoma. Kila kidonge kina yuniti 50,000 za vitamini D3. Hicho si kidonge cha kila siku hata kidogo. Ni dawa ya kutibu upungufu, na kwa kawaida daktari huandika kimoja kwa wiki, kwa wiki nane hivi. Msichana wa miaka 20 mahitaji yake ni yuniti 600 kwa siku, na bila daktari kukusimamia usipite 4,000. Chupa nyingine huandika mikrogramu. Mikrogramu 1 ni yuniti 40, kwa hivyo 600 ni mikrogramu 15 tu. Watu wengi huteleza hapo hapo.

Vitamini C ikizidi utaikojoa. D hujiweka kwenye mafuta ya mwili, na ikizidi mno hupandisha kalsiamu katika damu: kiu isiyokatika, kichefuchefu, choo kufunga, na mwisho mawe ya figo. Wala usidhani kwamba nyingi ndiyo bora. Kuna utafiti wa Australia uliotolewa mwaka 2010, ambao wanawake wa miaka 70 na zaidi walipewa yuniti 500,000 kwa mkupuo, mara moja kwa mwaka. Walianguka na kuvunjika mifupa zaidi ya wenzao ambao hawakupewa.

Utaniambia Mombasa jua si tatizo. Jua lipo, ila wewe hulipati. Alfajiri umo ndani ya matatu, mchana umo ofisini nyuma ya kioo, jioni unarudi na buibui lako. Kioo hupitisha joto na mwanga, lakini miale inayotengeneza vitamini D huizuia karibu yote. Siku za mapumziko panda juu ya paa mnakoanika nguo, pakiwa na faragha, ukunje nguo, mikono na miguu iwe wazi. Tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, miale ipo ya kutosha. Kikiwa kirefu, unaota joto tu. Ngozi yetu nyeusi huhitaji muda mrefu kuliko nyeupe, lakini usikae hadi ikuchome.

Ukinunua vidonge vya kiasi kidogo, kimeze pamoja na chakula chenye mafuta. Wali wa nazi unafaa sana, kwa sababu vitamini D huyeyuka kwenye mafuta. Lakini tui lisikudanganye kwa weupe wake. Kalsiamu yake ni kidogo mno, si kama maziwa.

Na kalsiamu ndiyo inayosahaulika. D kazi yake ni kuiingiza mwilini kutoka tumboni; kama hukula, hakuna cha kuingiza. Unahitaji miligramu 1,000 kwa siku. Glasi ya maziwa au mala ya mililita 250 ina kama 300. Chai iliyotiwa maziwa kidogo usiihesabu. Dagaa wakavu ni hazina, lakini uwale wazima: ukitoa vichwa na miiba, umetupa kile ulichowanunulia. Mnofu wa nguru ni mtamu, ila kalsiamu haimo humo. Kwa mboga, sukuma wiki ina faida kuliko mchicha, kwa kuwa mchicha una oksalati inayoishika kalsiamu isifyonzwe.

Ukipewa vidonge vya kalsiamu kaboneti, soma tena lebo: cha miligramu 1,250 kina kalsiamu yenyewe 500 tu. Kimeze na chakula, na usizidishe 500 kwa mara moja. Kama unameza pia vidonge vya kuongeza damu, viachanishe kwa saa mbili, maana kalsiamu huzuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Mfupa wa mwanamke hufikia uzito wake wa juu kabla ya miaka 30, na haujengeki kwa chakula pekee. Unataka kubebeshwa uzito. Kuogelea Nyali ni kuzuri kwa moyo, lakini maji ndiyo yanayokubeba. Ruka kamba, panda ngazi badala ya lifti, beba ndoo.

Na hiyo diet yako mpya, kama hedhi imekatika miezi mitatu, acha kutafuta kidonge na nenda kwa daktari wiki hii hii. Hedhi ikikatika hivyo, huenda homoni ya estrojeni imeshuka, nayo ikishuka, mfupa hupungua hata ukinywa maziwa ya ng'ombe mzima.

Mamako